Gagarin ipi uende? Mji wa utotoni, Mji wa Nyota, Saratov, Baikonur au mnara wa Moscow

Kila mwaka ikikaribia Aprili 12, siku Yuri Gagarin alipokuwa binadamu wa kwanza kwenda anga za juu mwaka 1961, napata meseji zilezile kutoka kwa wadogo zetu wanaosoma Urusi, kaka nina siku mbili tu za kupumzika nataka nikaone mambo ya Gagarin, niende wapi. Swali linaonekana jepesi mpaka ufungue ramani kwenye simu uandike hilo jina. Hapo ndo unakutana na mji unaitwa Gagarin, mji mwingine Gagarin uko Uzbekistan, kijiji cha Gagarin kiko Armenia, airport ya Gagarin, halafu airport nyingine ya Gagarin, na mtaa wa Gagarin karibu kila mji mkubwa wa Urusi utakaoutaja. Kuna kijana namfahamu alibonyeza jina la kwanza lililotokea akakata tiketi, akafika sehemu ina jina tu, hakuna kitu kingine cha kuangalia, na siku yake ya mapumziko ikaishia hapo. Iliniuma, ndo maana nimekaa kuandika hii kwa urefu.

Tuanze na jina lenyewe. Gagarin linatokana na gagara, ndege mmoja wa majini anayezamia kutafuta samaki. Ni jina la zamani sana kabla hata ya mambo ya roketi, kulikuwa na ukoo wa wakuu wa kifalme wa Gagarin, na mmoja wao Matvey Gagarin alikuwa gavana wa Siberia mpaka mfalme Peter Mkuu akamnyonga 1721 kwa ufisadi. Yupo Grigory Gagarin mchoraji wa karne ya 19, yupo Andrey Gagarin aliyekuwa mkuu wa kwanza wa chuo cha Polytechnic cha St Petersburg. Siku hizi yupo mwanamuziki Polina Gagarina, aliyeshika nafasi ya pili Eurovision 2015, na hiyo "a" ya mwisho ni kwa sababu majina ya ukoo ya Kirusi mengi yanabadilika kwa mwanamke. Yuri Gagarin wa anga za juu hakuwa ndugu wa wale wakubwa. Alipotua mwaka 1961 magazeti ya nje yalianza kuandika kwamba ni mtoto wa ukoo wa kifalme, akakana, maana baba yake alikuwa seremala wa kijijini na mama yake alifanya kazi kwenye shamba la ushirika. Na hata mahali, sio kila Gagarin ni yeye: kijiji cha Gagarino mkoa wa Lipetsk kinajulikana kwa vinyago vidogo vya wanawake vya enzi za mawe vilivyochimbuliwa pale miaka ya 1920, yeye hata hajazaliwa.

Kwahiyo naongelea sehemu tano tu ambazo zinamhusu Yuri kwelikweli, na zote nazipima kwa vitu vilevile: kufika, mfuko, unachokiona, makaratasi, na nani panamfaa. Nimeacha kuandika bei kwa namba maana zinabadilika kila msimu, nitasema tu rahisi au ghali. Na jambo la mfuko linalohusu kote ndani ya Urusi, kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje hazifanyi kazi tangu Machi 2022, kwahiyo kama huna kadi ya benki ya kule tembea na hela taslimu ya rubo. Pia makumbusho mengi ya Urusi hufungwa Jumatatu, usije ukasafiri saa tatu ukakuta kufuli.

Mji wa Gagarin na kijiji cha Klushino, mkoa wa Smolensk

Kufika: uko magharibi mwa Moscow kama kilomita 180, reli ya kwenda Smolensk, unapandia stesheni ya Belorussky. Elektrichka, yaani treni ya kawaida ya mkoa, inachukua karibu saa tatu. Unaenda asubuhi unarudi usiku. Klushino ndo kijiji alichozaliwa Machi 9, 1934, na kiko kama kilomita 20 kaskazini ya mji, hapo unahitaji basi au teksi, mi nakushauri mkusanyike watu watatu wanne mchange teksi muelewane na dereva awasubiri, kurudi ndo shida.

Mfuko: rahisi.

Unachokiona: hapa ndo nitakaa kidogo. Mji zamani uliitwa Gzhatsk, ulianzishwa 1719 kwa amri ya Peter Mkuu kama bandari ya mtoni ya kupeleka nafaka St Petersburg, na ukapewa jina la Gagarin 1968 baada ya kifo chake. Ndani ya mji kuna nyumba ya wazazi wake. Ile ya mbao waliyokuwa nayo Klushino baba mtu aliibomoa baada ya vita akaihamishia mjini kipande kwa kipande, kwahiyo ya Klushino unayoiona leo imejengwa upya kwa mfano wa ile ya zamani. Kuna na gari yake nyeusi aina ya Volga, iko kwenye banda la vioo watu wanaizunguka.

Lakini cha kuona ni lile handaki. Yuri alianza shule Septemba 1941, na haikuchukua muda Wajerumani wakaingia kijijini, wakaifunga shule, wakaichukua nyumba yao, familia nzima ikachimba shimo nyuma ya nyumba wakaezeka kwa magogo na udongo wakaishi humo zaidi ya mwaka mzima, majira ya baridi ya kule mnayajua. Mwanajeshi mmoja alimtundika mdogo wake Boris kwenye mti wa tofaa kwa skafu yake mwenyewe, mama akawahi kumwokoa. Kaka yake Valentin na dada yake Zoya walichukuliwa kupelekwa kufanya kazi ya lazima, wakarudi vita vilipoisha. Pale Klushino wameonyesha hilo handaki lilivyokuwa, na ukiinama kuingia ndani ukakumbuka kwamba aliyeishi humu akiwa na miaka saba nane ndiye aliyekuja kuizunguka dunia kabla ya binadamu mwingine yeyote, na kati ya hayo mawili ilipita miaka kumi na nane tu, kwa kweli mimi nilishindwa kuongea na mtu kwa muda. Anayesema Gagarin alibahatika kwa sababu ya tabasamu lake ningependa aingie humo dakika tano.

Makaratasi: ya kawaida tu, pasi yako na viza au usajili wako.

Nani panamfaa: anayependa maisha ya mtu kuliko mashine. Walimu, waandishi, mtu mwenye watoto wakubwa kidogo. Asiyejua Kirusi kabisa aende na mwenzake anayejua, maana maelezo mengi ni ya Kirusi na bila hayo unaona nyumba ya mbao tu. Anayetaka roketi atachoka saa moja.

Mji wa Nyota, Zvyozdny Gorodok

Kufika: karibu sana, kaskazini mashariki ya Moscow kama kilomita 25, treni za stesheni ya Yaroslavsky.

Makaratasi: naanza na haya kabla ya mengine kwa sababu ndo yanayoamua kila kitu. Huendi tu ukagonga geti. Pale ni kituo cha kufundishia wanaanga, kimefungwa miaka yote, na mgeni wa nje anaingia kwa ziara iliyopangwa tu, unatuma taarifa za pasi wiki kadhaa kabla wanakuchunguza ndo jina lako linawekwa getini. Nimeona watu wamefika bila hilo wamerudishwa. Kwahiyo kama likizo yako ni wiki ijayo ruka sehemu hii usome inayofuata.

Mfuko: ghali kiasi, na ziara ya mgeni mara nyingi bei yake sio ya mwenyeji. Mkienda kikundi inapungua.

Unachokiona: kituo kilianza 1960 na tangu 1968 kinaitwa kwa jina la Gagarin. Humu ndimo kundi la kwanza lilipofundishwa, na mpaka leo wanaokwenda kituo cha anga cha kimataifa kwa Soyuz, chombo cha Kirusi, wanapita hapa. Kuna mashine ya kuzungusha yenye mkono wa mita 18, mtu anakaa mwishoni anazungushwa mpaka mwili unakuwa mzito mara kadhaa, ndo wanavyozoea roketi inapopaa na inaporudi. Kuna bwawa lenye kina cha mita 12 wamezamisha mfano wa kituo cha anga ndani yake, wanaanga wanavaa mavazi mazito wanafanya mazoezi ya kutoka nje ya chombo. Na kuna ofisi ya Gagarin mwenyewe imeachwa alivyoiacha asubuhi ya Machi 27, 1968, siku alipoanguka na ndege ya mazoezi ya MiG-15 pamoja na rubani Vladimir Seryogin, akiwa na miaka 34. Saa ya ukutani imesimamishwa kwenye dakika ya ajali. Wanaanga kabla hawajaondoka kwenda kurushwa wanapita humo wanaandika kwenye kitabu, ni desturi yao.

Nani panamfaa: wanafunzi wa uhandisi, fizikia, udaktari, marubani. Hapa unaona kazi, sio kumbukumbu peke yake. Asiye na subira ya makaratasi pasimsumbue.

Saratov, Engels na shamba alipotua

Watu wengi wanapasahau hapa, na mimi naona wanakosea.

Kufika: Saratov uko kwenye mto Volga, kusini mashariki ya Moscow zaidi ya kilomita 800 kwa barabara. Treni ya usiku kucha kutoka stesheni ya Paveletsky, unalala unaamka karibu umefika. Kuna ndege pia, uwanja mpya ulifunguliwa Agosti 2019 na unaitwa Gagarin. Sasa sikiliza kwa makini: uwanja wa ndege wa Orenburg nao umepewa jina la Gagarin, kwa sababu alisomea urubani wa kijeshi kule 1955 mpaka 1957 na ndiko alikompata mke wake Valentina. Saratov na Orenburg ni zaidi ya kilomita 600. Kabla hujalipa tiketi soma jina la mji, usisome jina la uwanja. Alipotua ni ng'ambo ya pili ya Volga, kusini ya mji wa Engels karibu na kijiji cha Smelovka, unakodi gari.

Mfuko: kati na kati. Treni behewa la wazi, yaani la vitanda bila vyumba, ni nafuu, hela inaliwa na kulala siku moja na hiyo gari ya kukodi.

Unachokiona: kuna mambo mawili hapa na yanapendeza yakikaa pamoja. La kwanza ni Gagarin mwanafunzi. Yuri hakupitia shule za watoto wa wakubwa, 1949 aliondoka nyumbani akiwa na miaka 15 akaenda Lyubertsy karibu na Moscow kujifunza kusubu (kuyeyusha na kumimina) chuma kiwandani, yaani kama kijana wetu anayetoka kijijini kwenda VETA, halafu 1951 akapata nafasi chuo cha ufundi Saratov akaendelea na fani hiyohiyo ya kusubu. Ni hapohapo Saratov akajiunga na klabu ya kuruka ndege, akaruka kwa mara ya kwanza na kandege kadogo ka Yak-18 1955. Kwahiyo fundi wa kusubu ndiye aliyeenda anga za juu. Ukiwa na mdogo wako anayedharauliwa kwa sababu yuko chuo cha ufundi mpeleke Saratov, au msimulie.

La pili ni pale alipotua. Aprili 12, 1961 aliruka saa 3:07 asubuhi kwa saa za Moscow, akaizunguka dunia mara moja, safari yote inahesabiwa dakika 108, na chombo cha Vostok hakikuwa na namna ya kumshusha mtu salama akiwa ndani, kwahiyo akiwa juu kama kilomita 7 kiti kilirushwa nje akashuka na parachuti yake mwenyewe. Jambo hili serikali ya Kisovieti ililificha kwa miaka, maana sheria za rekodi za urubani zilitaka rubani atue na chombo chake. Alitua shambani, waliomwona mwanzo ni bibi mmoja na mjukuu wake wakiwa shamba la viazi, wakaogopa yale mavazi ya rangi ya machungwa na kofia nyeupe, akawaambia msiogope mimi ni mwenzenu. Leo pana mnara mrefu na bustani kubwa iliyofunguliwa 2021 kwenye miaka 60 ya safari. Ni nyika tupu, upepo mkali, mwezi wa kwanza usithubutu kwenda na koti la Moscow ya mjini.

Makaratasi: hakuna kibali maalum. Ila Engels ina kambi ya ndege za kivita na tangu vita vya Ukraine vianze imeshashambuliwa kwa droni mara kadhaa, uwanja wa ndege wa Saratov nao hufungwa ghafla. Kwahiyo angalia hali ya wiki hiyo, chukua treni badala ya ndege, usipige picha chochote kinachofanana na jeshi. Mgeni mweusi mwenye kamera karibu na kambi ni matatizo ambayo hutaki kuyaeleza kwa Kirusi cha mwaka wa kwanza.

Nani panamfaa: mwenye siku tatu nne, anayependa safari ya treni yenyewe, na anayetaka kusimama mahali penyewe historia ilipogusa ardhi.

Baikonur, Kazakhstan

Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu wengi hawataweza, na ni haki niseme hivyo mapema.

Kufika: mbali, nchi nyingine, kwenye jangwa la Kazakhstan. Mji wa Baikonur zamani uliitwa Leninsk, Urusi inapakodi kwa dola milioni 115 kwa mwaka na mkataba unaenda mpaka 2050. Mfuko: ghali kuliko zote nne zilizobaki ukizijumlisha, maana unaingia kwa mawakala wa ziara. Makaratasi: kibali miezi kabla, mambo ya viza ya Kazakhstan uyacheki kwa pasi ya nchi yako, na kama uko Urusi kwa viza hakikisha inaruhusu kutoka na kurudi, la sivyo unaishia nje na masomo yanakungoja ndani.

Unachokiona: jukwaa lenyewe aliloondokea, wanaliita Jukwaa la Gagarin. Lilitumika miaka zaidi ya sitini, roketi ya mwisho kutoka hapo iliondoka Septemba 25, 2019. Kwahiyo anayetaka kuona roketi ikiruka asilichague kwa hilo, siku hizi Soyuz zinaondoka jukwaa jingine la hapohapo Baikonur. Pia kuna kijumba kidogo alicholala usiku wa kuamkia safari, na pembeni yake kile cha Sergei Korolyov, mhandisi mkuu ambaye jina lake lilikuwa siri mpaka alipofariki 1966.

Nani panamfaa: mtu mwenye kazi na akiba, anayefanya safari moja ya maisha.

Uwanja wa Gagarin, Moscow

Kufika: huu ni uwanja wa mjini, sio wa ndege. Metro, unashuka Leninsky Prospekt, unatoka nje umefika. Mfuko: nauli ya metro basi. Makaratasi: hakuna, ila pasi usiiache bwenini, polisi wanakagua.

Unachokiona: mnara wa titani wa mita 42.5 uliosimamishwa 1980 mwaka wa Olimpiki ya Moscow, Gagarin amenyooka juu ya nguzo kama roketi yenyewe, na chini pana mfano wa ile tufe aliyorudi nayo. Eneo halikuchaguliwa ovyo, Aprili 14, 1961 alipita barabara hii akitoka uwanja wa Vnukovo kwenda Kremlin, umati umejaa pande zote. Halafu wanafunzi wetu wanasahau kwamba barabara hiyohiyo ya Leninsky ukiifuata kwenda kusini magharibi unakaribia chuo cha RUDN, kile cha Lumumba, walikosoma Waafrika Mashariki wengi. Chuo kilipewa jina la Patrice Lumumba mwezi wa pili 1961 baada ya kuuawa, Gagarin akaruka mwezi wa nne. Jina la Lumumba liliondolewa 1992, likarudishwa 2023. Ukitembea hapo una majina mawili ya mwaka mmoja, na mwanzoni mwa 1962 Gagarin mwenyewe alikuja Afrika, akafika Misri, Ghana na Liberia.

Nani panamfaa: mwenye saa moja kabla ya ndege, mwenye hela ya chai tu, au mgeni wa kwanza Urusi anayetaka kuonja kabla ya kuamua. Ukitaka kuongeza nenda Red Square, majivu yake yako kwenye ukuta wa Kremlin.

Sasa kulingana na hali yako

Una siku moja na unajua Kirusi kidogo, chukua treni ya asubuhi kwenda mji wa Gagarin, na tafadhali usiishie mjini, fika Klushino.

Una siku moja, hujui Kirusi, uko peke yako, kaa Moscow, uwanja wa Gagarin asubuhi na mchana makumbusho ya wanaanga pale kituo cha metro cha VDNKh.

Ni kikundi cha wahandisi au chama cha wanafunzi na mna miezi miwili ya kupanga, pelekeni majina Mji wa Nyota leo, msisubiri Machi maana karibu na Aprili 12 kila mtu anaomba.

Mmekaa Saratov, Volgograd au Samara kimasomo, msihangaike na Moscow, Engels iko karibu zaidi nanyi, chagueni wiki tulivu mwezi wa tano au wa tisa.

Unakuja kutoka Dar, Nairobi au Muscat kwa wiki mbili na hutarudi tena karibuni, mi ningekushauri uunganishe Moscow na Klushino, hela ya Baikonur uiache kwa safari yake yenyewe.

Na ukiona tiketi imeandikwa Gagarin tu bila jina la mkoa, muulize mtu wa dirishani "Smolenskaya oblast?" yaani mkoa wa Smolensk? Akijibu "da", ndiyo, lipia.